Baada ya Vidonge: Jicho la Mgonjwa na la Mwenzake

Mgonjwa wa ukoma akimaliza dawa zake huhesabiwa kuwa amepona, na jina lake hutolewa katika daftari la matibabu. Kwa upande wa viini vya maradhi hesabu hiyo ni sahihi. Kwa upande wa mgonjwa mwenyewe ni nusu tu, kwani dawa inayoua viini hairudishi hisia zilizokwisha kupotea mikononi na miguuni. Nusu iliyobaki ni kazi ya kila siku inayofanyika nyumbani, nayo yastahili kupangwa na kugharimiwa kama matibabu mengine.

Ushindi uliokwisha kupatikana ni mkubwa. Armauer Hansen wa Norway aligundua kiini cha ukoma mwaka 1873. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa mseto, ambayo siku hizi humezwa kwa miezi 6 au 12 kwa kadiri ya aina ya ugonjwa. Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na mwaka 2006 ikafikia kiwango cha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Hata hivyo, katika mkoa wa Singida, ambako majina ya Iambi na Sukamahela yamefungamana na utunzaji wa wenye ukoma, bado wapo waliopona wanaoishi na ganzi.

Ganzi ni nini hasa? Viini vya ukoma hushambulia mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi. Mshipa ukifa, maumivu hutoweka, na maumivu ndiyo mlinzi wa mwili. Mtu mwenye hisia akikanyaga mwiba huchechemea, na kwa kuchechemea huupumzisha mguu. Mwenye ganzi huendelea na safari. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India, alionyesha kwamba vidole haviozi kwa ukoma wenyewe. Huliwa kidogo kidogo na majeraha yasiyosikika: sufuria ya moto, mpini wa jembe, msumari wa katambuga, hata panya wa usiku.

Kwa mkulima wa uwele na alizeti hatari hiyo haina likizo. Masika jembe humchubua viganja. Kiangazi ngozi isiyotoa jasho hukauka na kupasuka. Kinga yake ni nyepesi: kuloweka miguu katika maji baridi kwa muda wa nusu saa, kusugua sugu kwa jiwe laini, kupaka mafuta ngozi ingali na unyevu, kisha kuikagua kila sehemu. Mafuta ya alizeti, ambayo Singida inasifika kwayo, yanatosha kabisa.

Lakini kukagua bila kuandika ni kazi pungufu. Wakati wa matibabu, na hata baada yake, mwili waweza kupambana kwa ghafula na mabaki ya viini, na mishipa ya fahamu ikavimba. Ganzi au udhaifu mpya ukitibiwa kwa prednisoloni kabla ya miezi 6 kupita, mara nyingi hisia hurejea. Ukicheleweshwa, matumaini hupungua sana. Kwa hiyo swali la mganga, “Tangu lini?”, ndilo linaloamua. Daftari la shule lenye mchoro wa viganja na nyayo, na alama yenye tarehe mahali palipobadilika, lina jibu hilo. Asiyejua kusoma ataandikiwa na mjukuu wake.

Mtu peke yake hatadumu katika kazi hii. Macho yake yaweza kuwa yameathiriwa, na vidole vyake vimekakamaa. Zaidi ya hayo, aibu humfanya afiche kidonda, na mficha maradhi kifo humuumbua. Huko Ethiopia, mwaka 1995, hospitali ya ALERT ilianza kuwahimiza wagonjwa waunde vikundi vya kujitunza, wakaguane vidonda na kushauriana. Muuguzi husema, “Usiukanyagie mguu huu.” Mwenzake aliyekwisha kuupumzisha wake wakati wa palizi ndiye anayeweza kusema jinsi shamba lilivyolimwa.

Wapo watakaohofia kwamba kuwakusanya watu hawa ni kurudisha utengano wa zamani. Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake ni kuufungua mlango wa kikundi. Kisukari nacho hutia ganzi nyayoni, na wengi hukatwa miguu kwa kidonda ambacho hawakukisikia. Wagonjwa wa aina zote mbili wakae ukumbi mmoja; karai ni lile lile, na mafuta ni yale yale.

Inapasa basi kila zahanati iwe na orodha ya wenye ganzi, si ya wanaomeza vidonge peke yao. Mganga alisome daftari la mgonjwa kama anavyosoma majibu ya maabara. Viatu vyao vishonwe au vigundishwe, visipigiliwe misumari. Gharama ya mambo haya ni ndogo, na bila hayo taifa litaendelea kuwaandika kuwa wamepona watu ambao bado wanapoteza vidole.