Bumu likiingia: hizi mini laptopu za bei chee zinafaa au ni kutupa hela?



Kila bumu linapokaribia kuingia, magrupu yetu yanajaa swali lile lile: hivi hizi mini laptopu za laki mbili na nusu, laki tatu, zina maana yoyote? Na majibu ni yale yale. Kuna wanaosema ni takataka za Wazungu, bora ukae na simu yako. Kuna wauzaji (wengine ni wenzetu humu humu, tunajuana) wanaosema mashine ni ya moto, inafanya kila kitu. Mimi nasema hivi: kwa mwanafunzi, na kwa kijana wa chama ambaye kazi yake ni kuandika, inafaa. Tena inafaa kuliko laptopu mpya ya bei hiyo hiyo. Ila si kila mini, na si kwa kila mtu.

Kompyuta mpakato ndogo za bei nafuu hazikuanza jana. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC yenye kioo cha inchi 7, na mwaka huo huo mradi wa One Laptop per Child wa Nicholas Negroponte ulianza kuzalisha kompyuta yake ya kijani kwa ajili ya watoto wa nchi kama zetu. Ahadi ilikuwa dola 100. Ilipofika sokoni bei ilikuwa inakaribia dola 200. Vile vikompyuta vya kwanza vilikufa taratibu baada ya vishikwambi kushika soko kuanzia 2010, na sifa mbaya ya kuwa vizito kama konokono imebaki hadi leo, hata kwa mashine ambazo hazina undugu navyo.

Hizi za sasa zinazopangwa kwenye maduka ya Aggrey na Likoma ni ukoo mwingine. HP ProBook x360 11, Lenovo ThinkPad 11e, Dell Latitude 3189 na ndugu zao, kioo inchi 11.6, zilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa shule za Marekani na Ulaya. Ndiyo maana pembeni zina raba, kibodi inavumilia maji yakimwagika kidogo, na bawaba ni ngumu. Walijua zitadondoshwa. Shule ikizitumia miaka michache inabadilisha, zile za zamani zinauzwa kwa jumla, zinapakiwa, zinakuja. Kwa hiyo anayesema ni mtumba kasema kweli. Lakini mtumba wa kitu kilichotengenezwa kuvumilia watoto wa shule nauamini zaidi kuliko kitu kipya cha plastiki chenye jina ambalo hata ukilitafuta mtandaoni hulikuti.

Sasa hesabu. Bodi ya Mikopo inatoa hadi shilingi 200,000 kwa mwaka kwa vitabu na viandikwa, na 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi. Steshenari ninayoenda mimi kuchapiwa ni shilingi 1,000 kwa ukurasa, kuprinti ni hela nyingine. Chukua masomo matano, kila somo kazi mbili kwa muhula, kila kazi kurasa kumi. Hizo ni kurasa 100, laki moja kwa muhula, laki mbili kwa mwaka. Yaani ile hela yote ya vitabu na viandikwa imekwenda kwa dada wa steshenari, na bado unamwachia flashi yako yenye virusi. Ndani ya mwaka mmoja na miezi kadhaa mini yako imejilipa, na baada ya hapo unakula faida.

"Simu inatosha." Aisee, hapana. Simu inatosha kusoma na kutuma. Kuandika hoja za kesi ya mashindano kurasa 15 zenye tanbihi huku umefungua hukumu ya TanzLII pembeni, simu haitoshi. Na kwa sisi wa sheria mlango umeshafungwa: tangu Kanuni za uwasilishaji wa nyaraka kwa njia ya kielektroniki za 2018, mahakama zetu zimekuwa zikihama kutoka bahasha ya kupeleka dirishani kwenda kwenye mfumo. Wakili asiyejua kupanga faili kwenye kompyuta anamtegemea karani wake kwa kila kitu. Hata ndani ya chama, soma matamko ya baadhi ya matawi yetu yaliyoandikwa kwa dole gumba saa sita usiku. Hoja nzuri, aya hazipo, jina la kata limekosewa. Halafu tunashangaa waandishi wa habari hawayachukui.

Kuna sababu nyingine, na hii ndiyo naiona nzito. Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima, na ikakaa siku kadhaa. Kila mtu anakumbuka alikuwa wapi. Wenzetu waliokuwa wameweka kila kitu mawinguni, kuanzia majina ya mawakala hadi muhtasari wa vikao, walibaki wanaangalia kiduara kinazunguka. Mwenye mafaili yake kwenye diski yake aliendelea kusoma na kuandika. Kompyuta yenye nafasi yake ya kuhifadhi, hata ndogo, ni chumba chako mwenyewe, hakuna anayekizima kutoka ofisini kwake. Ndiyo maana kwenye Chromebook nina wasiwasi. Ni nyepesi, betri yake inadumu, bei yake inavutia kupita zote, lakini imejengwa kwa mtu mwenye intaneti muda wote. Pia nyingi zinazokuja hapa zilikuwa za shule, na kama ile shule haikuifuta kwenye usajili wake, siku ukiirudisha upya inakuambia inasimamiwa na taasisi fulani ya Marekani na inataka akaunti yao. Hapo umenunua sahani.

Tuje kwenye vitu vya kukagua, maana hapa ndipo watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia.

Prosesa kwanza. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haipokei mashine zote. Kwenye hizi mini utakuta Celeron za N3350 na N3450. Hizo hazimo kwenye orodha ya Windows 11. N4000, N4020 na N4100 zimo. Angalia mtego huu: Pentium N4200 ina namba kubwa kuliko N4100 lakini ni ya kizazi cha N3350, haimo. Muuzaji atakuwekea Windows 11 kwa njia za panya na itawaka vizuri tu dukani. Muulize prosesa, usiulize Windows. Ukiipenda mashine ya N3350 kwa sababu bei imeshuka sana, inunue ukijua utaiwekea Linux Mint au Ubuntu pamoja na LibreOffice, vyote ni bure na kwa kuandika vinatosha kabisa. Utalalamika wiki mbili, utazoea.

RAM isiwe chini ya 4GB, na ukipata 8GB shukuru, kwa sababu kwenye baadhi ya hizi imegandishwa kwenye bodi, huwezi kuongeza baadaye. Nafasi ya kuhifadhi ndiyo wengi wanapigwa. Mashine yenye eMMC ya 32GB iache hapo hapo ilipo. Windows peke yake inaijaza, sasisho la kwanza likija inakwama. Tafuta yenye SSD ya 128GB. Ya 64GB inavumilika kwa mtu wa Linux.

Betri, wauzaji wote wanasema inakaa saa sita. Usibishane naye. Fungua ule ukumbi mweusi wa amri kwenye Windows, andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti inayoonyesha betri ilitengenezwa ikiwa na uwezo gani na sasa inajaa kiasi gani. Ikiwa imebaki nusu, bei nayo ishuke. Kwenye umeme ndipo hizi ndogo zinaziacha mbali zile kubwa: prosesa ya N3350 au N4100 imepangiwa wati 6, wakati i5 za laptopu za kawaida nyingi ni wati 15. Wenye kumbukumbu ya mgao wa mwishoni mwa 2023, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere haujawashwa Februari 2024, wanajua maana ya tofauti hiyo. Kwa makamanda wa vijijini wenye sola ndogo hiki ni kigezo cha kwanza, kabla ya kasi.

Jambo jingine, ukifika nyumbani futa kila kitu uanze upya. Huyo aliyekuwekea programu za bure dukani hujui kaweka na nini kingine. Na kama utahifadhi majina na namba za simu za wanachama humo, weka nywila ya maana na ufunge diski kwa usimbaji. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hatuwezi kuwa tunapigia kelele serikali ichunge taarifa za watu wakati daftari letu la tawi linazurura kwenye laptopu isiyo na ufunguo.

Nani asinunue? Anayehariri video, anayetengeneza mabango, wenzetu wa uhandisi wenye programu nzito za kuchora. Ninyi jichangeni hadi laki nne na nusu, tano, mchukue Latitude au EliteBook iliyotumika yenye i5 ya kizazi cha 8 kwenda juu. Wala usinunue yoyote, ndogo au kubwa, kwa mikopo ya kausha damu ya kwenye simu. Bora usubiri muhula mmoja, uandikie kwenye kompyuta za maktaba.

Najua kuna watakaosema hii ni blogu ya siasa, habari za RAM zinatoka wapi. Zinatoka hapa: Bajeti ya 2021/22 ilisamehe VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, ili vijana wengi waingie mtandaoni. Bajeti ya 2022/23 ikaufuta msamaha huo. Mwaka mmoja! Hakuna mfanyabiashara anayepanga mzigo wake kwa mwaka mmoja, kwa hiyo msamaha haukupewa hata nafasi ya kuonekana dukani. Serikali inayotuambia uchumi wa kidijitali kila kongamano inapaswa kuulizwa hilo kwa jina, bungeni na majukwaani.

Lakini na sisi tusikurupuke. Nimeona humu pendekezo kwamba ilani ijayo iahidi laptopu kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wajumbe, tuangalie jirani. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee nchini Kenya uliahidi laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikaingia kwenye mizozo, miaka ikaenda, na kilichoanza kufika shuleni 2016 ni vishikwambi. Huko Peru serikali ilinunua kompyuta za mradi wa Negroponte kwa mamia ya maelfu, na utafiti uliotolewa 2012 haukukuta maendeleo kwenye hesabu wala lugha. Kugawa mashine ni rahisi kupiga picha, na zabuni kubwa ina wajomba wengi. Mimi ningeandika mambo mawili tu kwenye ilani: msamaha wa VAT usiopungua miaka mitano kwa kompyuta za chini ya bei fulani, na fungu la vifaa ndani ya mkopo wa Bodi ambalo mwanafunzi analitumia mara moja, kwa chaguo lake. Hapo anayetaka mini atachukua mini, anayetaka kubwa ataongeza zake.

Mwisho, kwa watakaokwenda Kariakoo Jumamosi hii. Kile kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi" kisiwatishe sana. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka sharti kwamba bidhaa unayonunua kwa maelezo kutoka kwa mtu anayefanya biashara hiyo iwe na ubora wa kuuzika, hata kama hamkuandikiana. Ila sheria hiyo hiyo inasema ukishaikagua bidhaa, kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha huwezi kurudi nayo. Kwa hiyo kioo kilichopasuka na kibodi yenye herufi zisizobonyea vimalize pale pale dukani, usiache vya nyumbani. Sifa za mashine ziandikwe kwenye risiti: prosesa, RAM, SSD, na siku za waranti. Risiti iwe ya EFD. Akisema ukitaka ya EFD bei inapanda, vuka barabara, maduka yapo mengi.