Nani Aliyejenga Ribe?

Ukiuliza historia ya kanisa la Kimethodisti la Ribe, bara kidogo kutoka Mombasa, utatajiwa majina yaleyale. Krapf, aliyewaleta wamisionari mwaka 1862 kisha akarudi kwao mgonjwa. Thomas Wakefield, aliyebaki. Charles New, aliyeifikia theluji ya Kilimanjaro mwaka 1871. Rebecca Wakefield, aliyefia hapo mwaka 1873. Yote kweli, ila hiyo ni historia ya walioandika barua kwenda Uingereza. Nani alikata boriti? Nani alichota maji ya kukandia udongo?

Thomas Wakefield mwenyewe anatusuta. Mwaka 1870 jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia, London, lilichapa maelezo yake ya njia za misafara kutoka pwani hadi bara. Njia hizo hakuzipita yeye. Sehemu kubwa alisimuliwa na Sadi bin Ahedi, mtu wa misafara, na Wakefield akamtaja kwa jina. Msimulizi alipata heshima hiyo. Fundi wa ukuta hakuipata.

Kuna na watoro. Watumwa waliokimbia mashamba ya pwani walitafuta hifadhi Ribe kama walivyoitafuta katika misheni jirani ya Rabai, mabwana wao wakawaandama. Mzozo ulipamba moto hadi Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikalipa fidia, na kufikia mwanzoni mwa 1889 zaidi ya watu 1,400 wa vituo vya misheni walikuwa wamekombolewa. Historia ya kanisa hili inayowapa watu hao aya moja, na mmisionari sura nzima, mimi siiamini.

Msitu wa Kaya Ribe, jirani na kanisa hilo, uliingizwa pamoja na makaya mengine katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, kwa sababu wazee waliulinda bila kungoja mtafiti. Sisi wa makanisa, kinyume chake, tuna pupa ya mabati mapya: harambee ikishajaa, ukuta wa zamani unaangushwa Jumatatu, na daftari la ubatizo linaachiwa mchwa. (Jiwe la msingi lenye jina la mgeni rasmi, hilo halipotei kamwe.)

Ndiyo maana toleo hili limewapa nafasi waashi, maseremala na akina mama wa kanisa. Msomaji, ikiwa kanisa lenu linajiandaa kujenga upya, kwanza lipigeni picha, nakilini madaftari, waulizeni wazee majina ya mafundi. Kisha tuleteeni, tutayachapa.