Yesu hakuvaa mwili

Hudhuria msiba wowote hapa Nyakato, mjini Musoma, usikilize mahubiri. Awe padri, mchungaji wa Kimennonite au mlokole, hakawii kufika kwenye maneno haya: Mungu alivaa mwili akaja kwetu. Watu huitikia amina. Mimi siitikii.

Nguo huvaliwa ikavuliwa. Ikichakaa huwa tambara la kudekia. Aliyeazima koti la mvuvi hajawa mvuvi. Kama Yesu alivaa mwili tu, basi misumari ilitoboa vazi, yeye haikumgusa. Yohana katika Injili yake hakusema kuvaa, alisema kufanyika, na waraka wake wa kwanza unawakemea vikali wanaokana kwamba Yesu alikuja katika mwili. Mtaguso wa Kalsedonia wa mwaka 451 ulikiri Mungu kweli na mtu kweli. Wakopti na Waethiopia waliukataa kwa sababu ya neno asili, moja au mbili, lakini hata wao hawakusema kwamba mwili ule ulikuwa wa kuazima.

Mtaniambia ni mfano tu, na kwamba mababa wa Kanisa la Shamu waliupenda mfano huo wa vazi. Kweli. Wao walijua ni mfano. Sisi tumeugeuza kuwa fundisho.

Tena sisi wa Mara tunapaswa kulijua kosa hili kuliko wengine. Wamennonite walioanza kazi Shirati mwaka 1934 wana jina la Menno Simons, na Menno mwenyewe alijikwaa hapa hapa. Mwaka 1544, kule Emden, alibishana na mwanamatengenezo Jan Łaski akishikilia kwamba Yesu alikua ndani ya Maria pasipo kuchukua chochote katika nyama ya Maria. Alihofia kwamba mwili wa ukoo wa Adamu ungemtia Mwokozi doa. Na aliamini, kama wengi wa zama zake, kwamba mwanamke ni shamba tu, mbegu yote ni ya mwanamume. Ungamo la Wamennonite la Dordrecht la 1632 halikumfuata: liliridhika na yale ya wainjili, likaacha kueleza namna yake. Nawaheshimu Wamennonite kwa kutomgeuza aliyewapa jina kuwa Maandiko.

Mwaka 1827 Karl Ernst von Baer aliliona yai la mamalia, na hoja ya shamba ikafa. Kwetu haijafa. Ng'ombe wa mahari wanapohesabiwa bado utasikia kwamba mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe, mama ni chungu kilichombeba. Mhubiri wa "alivaa" anaitilia nguvu kauli hiyo bila kujua, kwa kuwa Maria wake ni kigingi cha kutundikia vazi lililotoka kwingine.

Ninasema kwa uchungu kwa sababu Desemba, mwezi wetu wa Krismasi, ndio mwezi ambao mabinti wa Tarime na Serengeti hutoroka makwao usiku wakimkimbia ngariba. Wengine hupokelewa Butiama, katika nyumba salama. Binti huyo akiketi kanisani akaambiwa kwamba mwili ni nguo ya kupita, amesikia nini kuhusu kisu alichokikimbia? Mchungaji, padri, mwinjilisti: Krismasi ijayo mwambie kwamba Mwana wa Mungu alipata nyama na damu yake kwa msichana wa Nazareti, na kwamba anao mwili huo hata sasa.