Kanuni fupi si lazima iwe rahisi kujifunza

Nimepotea kidogo, kazi ilinibana. Leo nimerudi na ubishi.

Mteja mmoja alitaka programu ya kutambua SMS za matapeli. Alinipa mifano ya ndiyo (za matapeli) na ya hapana (za kawaida), akasisitiza kanuni iwe fupi: vikundi vitatu tu vya masharti, na SMS ikitimiza kikundi chochote, basi ni ya tapeli. Nilikubali, maana nilitoka chuoni nikiamini kifupi ndicho chepesi. Nikachagua maneno 100, nikaiacha mashine usiku kucha. Asubuhi ilikuwa bado inakokotoa, na mimi nilikuwa nimeahidi kukabidhi kazi siku hiyo.

Nusura ninunue kompyuta kubwa zaidi. Ningepoteza pesa bure. Mwaka 1984 Leslie Valiant alidai kwamba kujifunza kuwe kwa muda wa kadiri, usiolipuka tatizo linapokua. Mwaka 1988 yeye na Leonard Pitt wakaonyesha kwamba kutafuta kanuni ya vikundi vitatu inayokubaliana na mifano yote ni tatizo gumu ambalo hadi leo hakuna anayejua njia ya haraka ya kulitatua.

Sasa igeuze. Andika orodha ndefu ya vifungu vilivyounganishwa kwa "na", kila kimoja kikiwa na masharti matatu yaliyounganishwa kwa "au". Kanuni yoyote ya vikundi vitatu inaandikika hivyo. Maneno 100, kila moja lipo au halipo, ni masharti 200. Yachanganye matatu matatu, unapata vifungu 1,313,400. Anza navyo vyote. Kila ukisoma SMS ya tapeli, futa kila kifungu ambacho haikitimizi. Vinavyobaki ndiyo kanuni yako. Mifano ya hapana itumie kuipima.

Bure haipo, jamani. Kanuni hii haipendezi macho, inahitaji mifano mingi zaidi, na SMS moja ya kawaida ikiwekwa kimakosa kwa matapeli inaweza kufuta kifungu cha kweli. Lakini mifano hukusanywa na makosa husahihishwa. Muda unaolipuka haununuliki.

Msimamo wangu: mteja aamue programu itambue nini. Umbo la jibu tuachiwe sisi. Mwaonaje?