Kabla Hujapiga Window, Niulize Mimi

Peleka kompyuta nzito kwa fundi hapa Mbinga mjini. Kabla hujamaliza salamu utakuwa umeshapewa dawa: "Hii piga window tu mwalimu, itakuwa mpya." Huulizwi uzito umeanza lini. Huulizwi mashine unaitumia kwa kazi gani. Haifunguliwi hata kuangaliwa kama feni bado inazunguka. Ni kama uende zahanati na kikohozi, daktari akwambie, "Wewe mama yako akuzae upya." Na sisi tunaitikia, tunalipa, tunakwenda kunywa chai tukisubiri.

Naandika kuipinga dawa hiyo. Wala sisemi kwamba haifanyi kazi. Inafanya kazi vizuri mno, na ndiyo maana tumeacha kuuliza inaondoka na nini.

Nianze na yaliyonikuta, ili usidhani napiga kelele tu.

Mama yangu ni mtu wa Liuli. Kutoka Mbinga unateremka milima hadi Mbamba Bay, kilomita zaidi ya 60, halafu unafuata ufuko wa Ziwa Nyasa kwenda kaskazini. Huko ndiko alikoishi bibi yangu mzaa mama, mwanamke aliyekuwa akiniita "mume wangu" mbele ya mke wangu na kucheka hadi anakohoa. Bibi alikuwa na hadithi. Za mamba na sungura, za mwanamke aliyewanyima wenzake dagaa hadi ziwa likamkimbia, za siku walipokesha wakiisubiri MV Songea nayo isitokee. Likizo mbili mfululizo nilikaa naye mkekani, simu katikati yetu, nikarekodi hadithi 31. Nilikuwa nimeshaziandika 19. Simu ilipojaa, nikahamishia sauti zote kwenye laptop na kuzifuta kwenye simu. Folda nikaiita BIBI, nikaiweka pale pale usoni, kwenye desktopu, niwe naiona kila nikiwasha.

Bibi akafariki. Miezi saba baadaye laptop ikawa nzito. Nilikuwa nawasha, naenda kuwasha mkaa, nachemsha maji, narudi, bado kiduara kinazunguka. Nikaipeleka kwa fundi. Kijana mwema tu, hakunidhulumu. Aliniuliza swali moja, na ndilo swali ambalo mafundi wengi huuliza: "Vitu vyako viko D?" Nikajibu ndiyo. Kwa nini nilijibu ndiyo? Kwa sababu sikujua D ni nini, na niliona aibu kuuliza. Mimi, mwalimu ninayewaambia wanafunzi kila siku kwamba kuuliza si ujinga.

Desktopu haiko D. Desktopu iko C, na C ndiyo inayofutwa.

Mashine ikarudi inakimbia kama swala. Nilifurahi kiasi kwamba siku tano nilikuwa naijaza: mitihani, picha, filamu za rafiki yangu, programu hizi na zile. Siku ya sita nikaitafuta BIBI.

Fundi wa pili, huko Songea, ndiye aliyenieleza jambo ambalo kila mtu anayeandika angepaswa kulijua. Kufomati kwa haraka, kunakofanywa wakati wa kuweka window, hakuchomi kurasa. Kunachana orodha ya yaliyomo. Kurasa zinabaki ndani ya diski bila anwani, na kompyuta inazihesabu kama nafasi tupu ya kuandikia vitu vingine. Ukigundua mapema ukazima mashine, mengi yanaweza kuokolewa. Ukiendelea kuitumia, unaandika juu yake. Window mpya yenyewe ilikuwa imeshafunika sehemu. Mimi, kwa filamu zangu za siku tano, nikamfunika bibi kwa mikono yangu mwenyewe.

Zikapatikana hadithi nne, na moja kati ya hizo haina mwisho. Sauti, hata moja.

Sasa tuzungumze kuhusu huo uzito, maana tumeugeuza uchawi. Kompyuta haizeeki kama ng'ombe. Ikiwa nzito kuna sababu, na nyingi ya sababu hizo unaweza kuzikagua mwenyewe jioni moja.

Ya kwanza ni wageni wasioalikwa. Kila programu unayoweka inaomba kuamka pamoja na mashine. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Nenda sehemu ya Startup. Mimi nilikuta programu kumi na nne zinazoamka kila asubuhi, na kati ya hizo nilikuwa natumia mbili. Kuzizuia zisiamke hakufuti kitu chochote. Ukijuta, unazirudisha.

Ya pili ni diski iliyojaa hadi kooni. Mashine inahitaji nafasi tupu ya kupumulia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %temp%, na futa takataka za muda zilizomo. Zile zitakazogoma ziache, zinatumika. Kisha hamisha filamu. Ndiyo, filamu. Riwaya ya kurasa 300, ikiwa maandishi matupu, haifiki MB 1. Picha moja ya simu yako inaweza kuizidi riwaya nzima ukubwa. Haijawahi kutokea kompyuta ikawa nzito kwa sababu ya fasihi.

Ya tatu ni vumbi na joto. Kiangazi cha Mbinga tunakijua: vumbi jekundu linaingia hadi kwenye sukari. Ndani ya kompyuta linajenga blanketi juu ya feni, na kichakataji kikipata joto kali kinajipunguzia mwendo chenyewe kisiungue. Unaweza kupiga window mara kumi, vumbi litabaki pale pale. Brashi laini na bloa, mashine ikiwa imezimwa na imechomolewa, vinatosha.

Ya nne ni walinzi wawili mlango mmoja. Antivairasi mbili kwenye kompyuta moja zinachunguzana zenyewe na kukagua kila faili mara mbili. Chagua moja. Na zile programu za bure zinazokutisha kwamba zimekuta makosa elfu moja na kitu, lipia uzitoe? Mtu anayepita mlangoni kwako na kutangaza kwamba nyumba yako ina majini, halafu anauza dawa ya majini, kwa Kiswahili tuna jina lake.

Ya tano ni diski yenyewe. Nyingi ya laptop za mtumba tulizonazo zina hadi diski ya sahani, inayozunguka mara 5,400 kwa dakika huku sindano ikikimbia huku na huko kutafuta faili. Hiyo ndiyo inayokufanya uchemshe maji. Diski ya SSD haina kinachozunguka. Kuibadilisha ni gharama, lakini ni ndogo sana ukilinganisha na kompyuta mpya, na hakuna badiliko jingine litakaloifufua mashine ya zamani kama hilo. Tena ile diski ya zamani inatoka na vitu vyako vyote ndani, unaiweka kabatini. Hadi diski ikianza kugonga tik-tik, wala usingoje jioni: toa vyako kwanza, mengine baadaye.

Kwa hiyo kuna mambo matano ya kuangalia kabla ya kufuta. Na hata baada ya hapo, Windows 10 na 11 zenyewe zina njia ya kujiweka upya zikaacha faili zako na kuondoa programu tu. Kwa nini basi tunaanzia kwenye kuchoma?

Swali hili linaniuma zaidi kwa sababu tuko Umatengoni. Watu wa milima hii hawakuhitaji kompyuta kujua tofauti ya kusafisha na kuchoma. Kwenye ngoro unafyeka majani, unayalaza kwa mistari inayokatizana kama vyumba, unachimba udongo wa katikati ya kila chumba na kuyafunika. Yale uliyofyeka ndiyo yanayooza chini na kulisha maharage, kisha mahindi. Mashimo yanashika maji, mlima hauteremki na mvua. Mashamba hayo yamelimwa hivyo kwa zaidi ya miaka 100 kwenye miteremko ambayo mbuzi mwenyewe anaikanyaga kwa tahadhari. Mmatengo akiona magugu hachomi mlima. Lakini mjukuu wake akiona kiduara kinazunguka, anachoma kila kitu na kuita usafi.

Najua fundi atanijibu nini, na jibu lake ni zito. Atasema: "Mwalimu, kupiga window ni saa moja. Kutafuta ugonjwa ni siku nzima, na hakuna mteja anayelipia kutafutiwa ugonjwa. Mnataka mashine leo leo, kwa bei ile ile." Ana haki. Sisi ndio tuliomfundisha. Tunalipia kufutwa, hatulipii kukaguliwa. Tukitaka fundi aache kuchoma, tumlipe kwa kuangalia, hata kama mwisho wa kuangalia atasema tatizo lilikuwa vumbi.

Wengine watasema: acha mashine za kizamani, nunua mpya. Sauti hiyo imepanda sana tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10, wakati Windows 11 inazikataa kompyuta nyingi za miaka ya nyuma. Yaani mashine iliyokuwa inaandika vizuri jana, leo imetangazwa maiti na mtu ambaye hajawahi kuigusa. Mimi yangu nimeiwekea Linux Mint na LibreOffice, baada ya kutoa nakala, tafadhali, na inaandika bila kunung'unika. Wala si ngeni kwetu hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyokuwa inazungumza Kiswahili. Kuandika ni kazi nyepesi kuliko zote ambazo kompyuta inafanya. Tusikubali kuambiwa kwamba ili kuandika sentensi lazima tununue mashine ya kuchezea michezo.

Na wengine, wenye mtandao mzuri, watasema: "Si ungeweka mtandaoni?" Hawa wananikera zaidi, kwa sababu wana haki nusu. Mtu wa ufukweni anayehesabu bando hawezi kupandisha sauti za saa kumi na mbili. Lakini maandishi ya hadithi 19? Yangekwenda kwa baruapepe kwa gharama ya salamu. Nikajitumia mwenyewe, yangekuwepo leo. Sikufanya. Hapo sina wa kumlaumu.

Na hapa ndipo ninapowageukia ninyi mnaosoma humu, maana wengi wenu mnaandika. Tunabishana wiki nzima kuhusu vina na mizani, kuhusu nani kasahauliwa kwenye silabasi, kuhusu nani anachapishwa na nani hachapishwi. Halafu muswada wetu wa miaka minne uko mahali pamoja tu duniani: kwenye desktopu, ndani ya C, kwenye diski ya mtumba, katika nyumba ambayo umeme unakatika bila kubisha hodi. Tunalia kwamba wazee wanaondoka na maktaba zao. Mimi mzee wangu hakuondoka nayo. Aliniachia mkononi, nikaipeleka mwenyewe dukani ikafutwe, na nikalipia.

Mali bila daftari huisha bila habari, tunasema. Basi fanya hivi leo kabla ya kulala. Fungua kompyuta, jua D iko wapi na C iko wapi. Nakili kazi zako kwenye flashi mbili, moja ikae nyumba nyingine, kwa dada, kwa paroko, popote. Jitumie maandishi kwa baruapepe. Siku mashine ikiwa nzito, pitia yale matano. Ikikushinda, nenda kwa fundi na umwambie: "Kwanza toa vyangu, univionyeshe vinafunguka, ndipo uguse kingine." Na akikuuliza kama vitu viko D, usijibu kwa aibu. Sema hujui. Kaeni mtazame pamoja.

Ile hadithi isiyo na mwisho ni ya mwanamke aliyenyima dagaa. Inaishia pale anapofika ufukweni na kukuta ziwa limerudi nyuma, naye anafungua mdomo kusema. Disemba iliyopita nilimwuliza mama mdogo, huko Liuli, mwanamke yule alisema nini. Akafikiri sana. Akasema yeye anakumbuka kwamba hakusema neno, aliketi tu akalia, na ziwa likamwonea huruma. Sina hakika kama bibi alimaliza hivyo. Nimeuandika mwisho huo, nikaandika pembeni kwamba ni wa mama mdogo. Uko sehemu tatu.