Kambale Wana Miba: Weka Dharura Kwenye Bajeti Kabla ya Vifaranga



Vijana wengi wameingia kwenye ufugaji wa kambale, na sababu iko wazi: anakua haraka, anavumilia maji yenye hewa kidogo, hata kwenye tenki nyuma ya nyumba anafugika. Lakini nikiletewa bajeti naona vifaranga, chakula, pampu na wavu. Hela ya mtu kuumia haimo. Mimi nasema bajeti hiyo haijakamilika.

Kambale anateleza, na kila pezi la kifuani lina mwiba mgumu. Ukimshika vibaya anausimamisha na kuukaza. Anaishi muda mrefu nje ya maji, hivyo anakuchoma ukidhani ameshakufa. Tena wanakulana, kwa hiyo lazima uwatenganishe kwa ukubwa mara kwa mara. Kila ukifanya hivyo, mikono iko hatarini.

Najua mtaniambia, "Afisa, ni mwiba tu, unafunga kitambaa kazi inaendelea." Shida ni kwamba mwiba unaingiza maji machafu ya bwawa kwenye tundu dogo lenye kina. Juu panaziba, bakteria wanabaki chini. Kidole kinaweza kupotea. Pepopunda nayo hujitokeza baada ya siku kadhaa hadi wiki, wakati mtu ameshasahau alichomwa.

Kwa hiyo kabla hujapandikiza, andaa haya:

1. Chanjo ya pepopunda kwako na kwa kila anayeingia bwawani. Akina mama wengi huipata kliniki wakati wa ujauzito. Vijana wa kiume wengi hawajachomwa tangu utotoni.
2. Glavu nene, gambuti na wavu wa mpini.
3. Sabuni, maji safi, bandeji, na chupa ya chai yenye maji moto siku ya kazi.
4. Namba ya boda na ya zahanati ukutani, pamoja na hela ya dharura isiyoguswa.

Mtu akichomwa, atoke majini. Kandamiza panapotoka damu, kisha osha kwa sabuni na maji safi. Kupunguza maumivu, aloweke kwenye maji ya moto anayoyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Maji yapimwe na mtu ambaye hajaumia, maana mkono wenye maumivu unaweza kuungua bila kuhisi. Mwiba uliozama usiuchokoe. Aende zahanati na aseme amechomwa na samaki, kwa sababu baadhi ya bakteria wa majini wanahitaji dawa tofauti. Akivimba uso au akipumua kwa shida, usisubiri kuloweka, mkimbize hospitali.

Mwisho, kibarua wako. Yeye ndiye anayeshika samaki wengi siku ya mavuno, halafu akiumia anapewa elfu tano akanunue dawa ya maumivu. Hapo hatutendi haki. Mkono wake ndio unalisha watoto wake. Matibabu yake ni gharama ya shamba kama chakula cha samaki. Na kama umeajiri Tanzania Bara, sheria inakutaka ujisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF).

Chakula cha samaki kikiisha unaweza kukopa. Kidole hakikopeshwi.

Kazi njema.