Twala Nyama, Twazika Ngozi

Wadau wa Malindi, Magarini mpaka Kilifi mjini, hebu tuambiane ukweli. Mnyama akichinjwa nyumbani, kula twajua. Ngozi je?

Mwezi wa 12 tulikuwa na matanga ya nyanya. Walichinjwa ng'ombe wawili na mbuzi watatu. Matumbo yaliisha kabla ya wali, vichwa wazee walijua vitaenda wapi, miguu ikawa supu ya alfajiri kwa waliokesha. Hata samadi ya tumboni shangazi aliibeba kwa ndoo akamwagia mipapai yake. Hapo simlaumu mtu.

Sasa zile ngozi tano. Mimi na binamu yangu tulipewa jembe tuzizike, maanake zilishaanza kunuka na mbwa wanazivuta. Jioni akafika mjomba, fundi wa kuwamba ngoma. "Ngozi ziko wapi?" Watu wakacheka. Akafukua moja, akavuta manyoya, yakamtoka mkononi. Akairudisha shimoni bila neno. Na ngoma iliyopigwa usiku ule tulikodi, bana!

Joto la huku halingoji. Ngozi ikishachunwa una saa chache tu kabla haijaanza kuoza. Dawa yake ni chumvi, na hapa ndipo naona aibu. Gongoni na Marereni ndiko chumvi nyingi ya Kenya inakotoka. Malori yamejaa yatupita kila siku, halafu sisi twazika ngozi kwa kukosa kilo chache!

Kazi yenyewe si ngumu. Osha damu, tandaza kivulini upande wa nyama ukiwa juu, paka chumvi kila mahali mpaka pembeni. Huna chumvi? Iwambe kwenye fremu ya miti, kivulini pia, usiitandaze mchangani juani. Na anayechuna atumie ngumi zaidi kuliko kisu. Tundu moja tu laiharibu.

Najua mtasema ngozi haina bei siku hizi. Kweli, mnunuzi akija akupa hela ya soda, na mbuzi mwenyewe ulimnunua kwa maelfu. Lakini nani amesema lazima uuze? Mpe fundi wa ngoma. Mpe anayeshona mishipi na viti. Ndugu zetu Waislamu mwajua vizuri kwamba mchinjaji halipwi kwa ngozi ya udhiya, na wengi huitoa sadaka. Sasa ikimfikia maskini imeoza, amepewa nini?

Kamati za matanga huandika mchele, sukari, majani, hema, mpaka spika kubwa za kutukosesha usingizi. Ongezeni mstari mmoja wa chumvi ya mawe.

Gunia la kwanza nimeshanunua mimi, liko kwa mjomba. Ukiwa na shughuli huku Magarini njoo uchukue, lakini uje kabla kisu hakijanolewa.